Daftari la Stoo

Daftari langu lina safu nne:
tarehe, kilichotoka, idadi, aliyepokea.
Kasisi alizichora mwenyewe kwa rula ya chuma
siku aliyonikabidhi funguo za stoo ya misheni.
Akaniambia: Semkunde, hesabu nayo ni sala,
usimdhulumu Mungu hata kipande cha sabuni.

Basi nimesali hivyo miaka kumi na tisa, hapa Muheza.
Mablanketi. Mchele. Mafuta ya taa, enzi zile.
Mwaka mmoja wafadhili walituletea makoti ya baridi,
marobota matatu, yenye kofia za manyoya,
na glavu nene kama mkate wa mofa.
Jua la Februari lilikuwa limetukalia utosini.
Tulicheka mpaka Sista Apolonia akavua miwani kuifuta,
kisha akasema: Inatosha,
kuna mtu aliyakunja haya kwa mikono yake.
Akakata vifungo vyote
akavishona kwenye sare za watoto wa shule.
Nikaandika: Vifungo, 216.

Kila Alhamisi tunakwenda kambi za mkonge,
zile nyumba za mstari zilizobaki kampuni ilipoondoka.
Milango nayo imeondoka. Wazee hawakuondoka.
Walikuja wakiwa manamba, kila mmoja na kipande chake,
kutoka Buha, kutoka Umakonde, kutoka kusikotajwa tena,
wakakata mkonge hadi migongo ikasahau kunyooka.
Sasa korona imekufa, popo wamejenga ndani,
na huko kwao
hakuna anayejua kama wako hai.

Chumba cha sita yuko mzee Ntahilaja.
Jicho moja lilikwenda na mwiba wa mkonge,
kidonda cha mguu kimekataa kupona.
Sista huchuchumaa kwenye sakafu ya udongo,
hukiosha kwa maji ya chumvi, polepole,
kama mtu anayechambua mchele wa wageni.
Hamhubirii. Siku moja nilimuuliza mbona.
Akasema: Shika beseni.

Alhamisi iliyopita mzee akamdaka mkono.
Kila siku wewe ni wa kunipa, akasema.
Mimi nimekuwa shimo?
Sista akafungua mdomo, akaufunga.
Miaka yote hiyo
sikuwahi kumwona akikosa neno.

Mzee akapapasa chini ya kitanda
akatoa kamba ya singa, ameisokota mwenyewe
juu ya paja, usiku, maumivu yalipomnyima usingizi.
Pima nne. Imebana kama nywele za bibi harusi.
Ya kisima chenu, akasema.
Dereva wenu ana mdomo, nimesikia ile nyingine imekatika.

Sista aliipokea kwa mikono miwili
huku goti limegusa chini,
kama binti wa Kibondei mbele ya mjomba.
Hakusema, Ungejisumbuaje.
Alisema, Ahsante, baba.
Na yule mzee, ambaye hukaa amejikunja kama ufunguo wa kopo,
aliketi wima
akaniagiza mimi, mwenye viatu na mshahara,
nimletee Sista kigoda.

Usiku nikafungua daftari.
Tarehe, hiyo naiweza.
Kilichotoka: kamba. Lakini imetoka wapi?
Stoo haikutoa kitu.
Idadi: moja, au ni pima nne, au ni usiku mangapi?
Nilikaa na kalamu hadi mbu wakanizoea.
Mkaguzi wa dayosisi anakuja mwezi ujao
na mafumbo hayapendi.
Mwisho, kwenye safu ya aliyepokea,
mahali ambapo miaka kumi na tisa nimeandika
mjane, yatima, mgonjwa, mzee,
nikaandika: Sisi.

Nilipolifunga ndipo nikakumbuka
sabuni ya Ntahilaja
imebaki kwenye gari.