Kiti cha Mwenye Nyumba

Simu ilitoka Newala, ya hasira:
"Fundi, sabufa uliyoipigia debe inakoroma kama mgonjwa,
vikombe vya mke wangu vinacheza kabatini.
Njoo uitengeneze, au njoo uichukue."
Nikafunga bisibisi, mita, futi kamba, waya wa akiba,
nikatoka Masasi kwa bodaboda,
na mlima ulipoanza kupanda masikio yakaziba.
Fundi wa sauti, nikabisha hodi nusu kiziwi.

Bwana Chinguile alikuwa amelipwa mnada wa tatu.
Spika tano ukutani,
hakuna iliyozidi boksi la viatu,
na kwenye menyu, mbele ya kila moja, ameweka: KUBWA.
"Mbona zote kubwa?"
"Nimezilipia."

Sikucheka.
Nikamwambia, spika hii ukiipa ngurumo
umemtwisha mtoto wa chekechea gunia la korosho ghafi:
atalinyanyua, ndiyo, huku analia.
Iite ndogo. Si tusi.
Kuanzia themanini kwenda chini, mzigo umwendee mwenye mabega,
yule mweusi pale pembeni anayenguruma;
hawa wadogo wabaki na maneno,
na kikohozi cha mpelelezi,
na bawaba ya mlango, na mvua juu ya bati.
Nikabonyeza. Ndogo. Ndogo. Ndogo. Ndogo.
Ndogo.
Alitazama kila neno likigeuka
kama mtu anayekatwa kilo kwenye mizani ya chama.

Tukawasha filamu. Helikopta ikapita.
Kwenye kiti chake, kile chekundu cha katikati, chenye vitambaa,
ilipita kama nzi.
"Umeiua," akasema.

Basi nikaibeba sabufa, nikaiketisha yenyewe kitini,
mahali pa mwenye nyumba,
nikaupigisha mvumo mmoja mzito, usiokoma,
nikatambaa kwa magoti kufuata ukuta,
sikio likilamba sakafu.
Bi Esha akatokea, mikono ina unga.
"Fundi, umeangusha shilingi?"
"Nimepoteza besi, mama."
"Besi iko huku. Wiki ya pili sasa ninayo jikoni,
nikisonga ugali mwiko unatetemeka wenyewe.
Nilisema.
Nikaambiwa mashine sizijui."

Nilitambaa hadi mlango wa jikoni. Kweli.
Ilikuwa imejaa pale, nene, ya kushika kwa mkono.
Nikasimama, nikapangusa magoti, nikaeleza:
wimbi huenda, hugonga ukuta, hurudi,
na katikati ya chumba hukutana na lenyewe,
moja linasukuma, jingine linavuta,
jumla yake bure.
Na hapo kwenye bure, Bwana Chinguile,
ndipo ulipoweka kiti.

"Hamisha sabufa."
"Plagi ni moja."
"Kiti hakihami. Hapa nilipokelea posa ya binti yangu.
Hapa aliketi katibu wa chama na soda yake."
Nikarudisha sabufa pembeni, nikakaa kimya.
Besi haijui nani kalipa.

Umeme ukakatika.
Newala, saa moja usiku, giza la kukatwa kwa panga.
Nikasikia Bi Esha anapapasa kiberiti,
kisha kitu kizito kikiburuzwa sakafuni,
pumzi ya mtu mzima,
kimya.
Taa ziliporudi alikuwa ameketi, miguu amekunja,
na kiti kilikuwa hatua moja na nusu karibu na jikoni.
Sikuuliza.
Kapeti lilikuwa na alama nne za miguu ya zamani.

Nikapunguza sabufa kidogo, nikageuza swichi ya nyuma,
nikairudisha ilivyokuwa, nikaigeuza tena. Hapo.
Helikopta ikapita. Safari hii ilipitia kifuani mwake,
nikaiona ikipita: kitufe cha shati kilitikisika.
Vikombe vimetulia.
"Esha! Njoo usikie!"
"Nasikia," alijibu huko huko, "sasa imepungua."

Nikalipwa, nikapewa na kilo mbili za korosho za kubangua.
Nusu ya mteremko sikio la kushoto likazibuka, pop,
nikasikia mnyororo wa bodaboda unalilia mafuta.