Picha. Picha. Picha.

Kurasa arubaini za mkono wangu
nilizipiga picha juu ya meza ya jikoni, nyumbani Barani,
kidole gumba kikijipenyeza pembeni,
doa la chai limelikalia neno "chujio".
Nikazipandisha kwenye mtandao wa chuo,
nikalala usingizi wa aliyelipa deni.

Alfajiri Dama Kahindi akanipigia.
"Mwalimu, hebu sikiliza,"
akaisogeza simu karibu na ile inayomsomea.
Sauti ya bati, isiyojua kupumua, ikasema:
Picha. Picha. Picha.
Nilihesabu hadi kumi na saba, nikatafuta kiti.

Nikaanza upya, ukurasa mmoja kila usiku, kwa vidole viwili.
Penye mchoro nikaandika: "Mchoro wa figo."
Nikampelekea, kifua mbele.
"Mchoro nimeusikia," akasema. "Figo yenyewe je?"

Miaka kumi na minane nafundisha figo kwa kidole:
hapa, na hapa, mnaona?
Darasa zima huitikia, naye Dama humo humo,
ndiyo, mwalimu,
nami nikaamini.

Nikaenda Maweni kwa Charo muuza nyama,
figo mbili za mbuzi, gazetini.
Tukakaa barazani pa maabara, mimi na yeye na nzi.
Aliishika kama mtu anayepokea chenji gizani,
kidole kikaizunguka, kikarudi, kikatulia.
"Kumbe korosho!"
Kisha: "Na hapa ilipobonyea?"
Hapo damu huingilia, nikamwambia,
hapo hapo hutokea, na mkojo hushukia.
"Basi si ungeandika hivyo."

Nikaandika hivyo.
*Umbo la korosho mbichi, ukubwa wa kujaa kiganja,
limebonyea upande mmoja; mshipa waingia, mshipa watoka,
na mrija mwembamba washuka kama mzizi.*
Nilipomaliza, nami niliiona.

Twaha, ambaye masikio yake hayamletei kitu,
akanitumia ujumbe kuhusu video yangu.
Mashine ya maandishi imeandika: "Fagio huchuja damu."
*Kwetu fagio halichuji kitu, mwalimu.*
*Na ukigeukia ubao, midomo yako naipata wapi? Nasoma kisogo.*
Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka.
Dakika tisa za video zilinila usiku mbili,
neno kwa neno, nikijisikia nilivyo mwepesi wa "eeh" na "yaani".

Riziki hakuomba lolote.
Ana macho, ana masikio, ana bando la shilingi ishirini
na karai la mahamri kabla ya saa kumi na mbili.
Alinikuta langoni tu:
"Siku hizi somo lako lafunguka."

Zimebaki kurasa ishirini na mbili.
Usiku huu nimefika kwenye mchoro wa jicho.
Nimeandika neno, nimelifuta. Nimeandika jingine.
Taa ya jirani imezimwa.
Kesho nitamwuliza Dama tuanzie wapi.
Charo ameniahidi kichwa cha mbuzi, Jumamosi,
kizima,
asikitoboe kitu.