Zabuni ya Chumvi

Barua ya manispaa imefika Al Hamra Jumatatu,
mwezi wa Mei, joto nyuzi arubaini na nne,
feni inausukuma moto kutoka kona hii kwenda ile:
itafutwe mashine ya kumwaga chumvi, ya kupachikwa juu ya lori,
kwa ajili ya barafu, barabara ya Jabal Shams.
Nikaisoma mara mbili. Nikacheka.
Kisha nikaikumbuka Januari,
basi dogo la walimu lilivyoteleza kona ya tatu
likasimama, tairi moja hewani,
na sisi tukipandisha mchanga kwa ndoo.
Sikucheka tena.

Mimi Zuwena, mnunuzi wa kampuni,
theluji naijua ya friza ya mama tu,
ile anayoikwangua kwa mwiko kila mwezi.

Wauzaji wakaja, kila mmoja na kitabu chake cha picha.
Wa kwanza, kutoka Dubai, alitia chumvi
kabla mashine yenyewe haijaionja:
yake inarusha mita kumi na mbili, haichoki, haikwami,
nusura aseme inasali.
Wa pili alilisifu tangi la plastiki,
jepesi, kutu halilijui, bei nusu.
Wa tatu alikuwa na la chuma cha kawaida, rangi ya machungwa,
rangi nzuri, ya kuolea.
Wa nne: chuma kisichoshika kutu. Bei yake
niliigeuza karatasi, nikidhani nimeishika kichwa chini.

Mnyororo au parafujo?
Mota ya umeme, mipira ya haidroliki, au injini ndogo ya petroli?
Na sahani ya kurushia, irushe upana gani
kwenye barabara ambayo upande mmoja ni jabali
na upande wa pili ni hakuna?

Nikamwita Gul Zaman, dereva, mzaliwa wa Swat,
peke yake kati yetu aliyewahi kuikanyaga theluji.
Kiswahili chake amekiokota hapa hapa ofisini,
kina mashimo, lakini kinafika.
Picha hakuzitazama.
"Barafu siku ngapi?"
Labda nne kwa mwaka, nikamwambia. Mwaka mwingine hakuna.
"Na siku zingine, yeye lala wapi?"

Hapo zabuni ikanigeukia mikononi.
Sote tulikuwa tunanunua kwa ajili ya usiku mmoja,
kumbe mashine itaishi na jua.
Plastiki itapasuka kama kisigino cha mchunga mbuzi.
Mipira itakauka. Petroli itakuwa gundi kwenye kabureta.
Rangi ya machungwa itatoka malengelenge
na chini yake kutu, kimya kimya,
italishwa na konzi ya chumvi iliyosahauliwa pembeni.
Mnyororo utashikana pingili kwa pingili,
na usiku ukifika
tutarudi kwenye ndoo zetu.

Rahisi huvunja upishi.
Nikaandika: chuma kisichoshika kutu. Parafujo. Mota ya umeme.
Kitetemeshi cha kuvunja madonge,
maana chumvi yetu ya pwani huja na bahari ndani yake.
Turubai.
Na mstari ambao mkurugenzi aliukata mara mbili
nami nikaurudisha mara tatu:
bomba la maji, na mtu wa kuiosha.

Mama alisikia bei ya tani ishirini,
akaweka kijiko chini.
"Mnaimwaga? Barabarani? Kwa makusudi?"
Yeye alikulia Wete, chumvi ikipimwa kwa kibaba.
Nikamweleza habari za kuganda na kuyeyuka.
Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema wali unapoa.

Imefika Agosti. Tumeijaribu uani, saa tano asubuhi.
Gul Zaman akabonyeza, sahani ikazunguka,
chumvi ikaruka, nyeupe, ikatua juu ya lami inayochemka,
na kwa nukta mbili tatu
palikuwa na Swat nyuma ya gereji yetu.
Akazima. Hakusema kitu.
Mbuzi wa Bi Rayya walikuwa wameshapenya ukutani,
wanane, vichwa chini,
wanailamba barabara yetu ya majaribio
kwa bidii ya wakaguzi.

Nikalifuata bomba.