Makato

Hundi ilifika Januari, ndani ya bahasha yenye dirisha.
Dola mia mbili na kumi na mbili,
na baba akamalizia kwa sauti, kama anayefunga sala:
"na senti arobaini."

Yalikuwa malipo ya maneno.
Mwaka ule wa mvua nyingi mtaalamu mmoja alikaa kwetu miezi mitatu,
kinasa sauti mezani, kati ya chumvi na taa,
akamuuliza baba jina la kila kitu:
mfereji, mdomo wa mfereji,
tope linalobaki zamu ya maji ikiisha,
na ndizi, aina kwa aina,
hata zile ambazo hakuna anayezipanda tena.
Sasa kitabu kimeuzwa huko. Maneno yamezaa.

Jumatatu tukashuka Moshi mjini,
baba ndani ya koti alilovaa kwenye harusi yangu.
Benki ya kwanza hawapokei.
Ya pili, binti wa dirishani, Nasikiwa, jina lake kifuani,
aliigeuza hundi mbele na nyuma
kama anayetafuta tundu kwenye khanga mpya.
"Hii inakwenda kukusanywa, mzee. Siku arobaini na tano, ikiwahi.
Ada yetu thelathini. Kuisafirisha, ishirini na tano.
Benki ya katikati nayo itakata yake,
kiasi gani hatujui mpaka ikate.
Halafu hapa wameandika Anael Kiwelo.
Kitambulisho kinasema Anaeli Kiwelu.
Itabidi ukale kiapo mahakamani."

Baba akavua miwani.
"Mwanangu, nimelima kahawa miaka hamsini. Makato nayajua.
Kilo tano za mbivu, menya, loweka, anika,
unabaki na kilo moja,
na hiyo moja chama kinaitolea ushuru.
Lakini maganda huwa nayaona.
Yako pale kando ya mashine, yananuka, kuku wanayachakura.
Haya, nionyeshe maganda ya hii."

Nasikiwa hakucheka.
Aligeuka akatazama nyuma yake,
kwenye mashine ya kuhesabia noti,
kana kwamba huenda yapo.

Nje, karibu na mnara wa saa,
kijana mwenye mkoba kiunoni alikuwa ameshanusa.
"Laki tatu, mzee. Taslimu. Sasa hivi."
Baba alihesabu kwa midomo.
"Huyu," akaniambia, "anataka ndizi zote na nusu ya mfereji."

Mimi nikajitia mjuzi:
tuiweke, ya mwaka kesho ikija tuzipeleke pamoja, ada iwe moja.
Kumbe hundi nayo huoza.
Miezi sita, basi, ni karatasi ya kufungia ugoro.

Jioni mama, ambaye hakuna aliyemuuliza,
akasema huku anapepeta ulezi:
"Sista Adelfina, yule ninayempelekea mayai,
hundi za wafadhili wa hospitali huzituma kwa mkupuo.
Moja zaidi haivunji mgongo wa mtu.
Na hata jina lako analijua."
"Mbona hukusema asubuhi?"
"Mlikuwa mmeshavaa."

Masika yakaingia, barabara yetu ikawa uji.
Pasaka ikapita, hatukumtaja Sista,
ila kila pikipiki iliyopanda mlima
baba aliisikiliza mpaka ipite.

Alikuja kwa miguu, viatu mkononi.
Laki tano na elfu kumi na nane.
Baba akazihesabu, akazihesabu, akampa mama naye azihesabu.
Kisha akatoa daftari la kahawa, lile la zamani,
kurasa zake bado zina harufu ya ghala,
akaandika chini ya msimu wa mwisho:

*Mbivu: maneno mia nne na sita.
Makato: elfu kumi na tatu,
na mkungu mmoja wa ndizi, kwa Sista.*

Kalamu ikasimama.
"Hundi," akauliza, "kwa lugha yetu tunaiitaje?"
Mama hakujua. Mimi ndiyo kabisa.
"Hili yule hakuniuliza," akasema,
akafunga daftari, akachukua jembe,
maana zamu yetu ya maji ilikuwa inaanza saa kumi.