Jiwe la Tatu Kutoka Kushoto

Gethin nilimwambia neno moja tu: "Mbovu."
Nikapita, mikono mgongoni,
kama mkaguzi wa nyama buchani.
Alikuwa na miaka kumi na tisa.
Mita mbili za ukuta, mawe matupu bila saruji,
kazi ya siku nne
juu ya kilima cha Wales ambako mvua haibishi hodi.
Mbovu wapi? Hakuuliza.
Nami sikusema.
Jumatatu hakuja. Glavu zake zilibaki langoni,
vidole vimejaa maji.

Nikajiambia: kijana laini, hakuumbiwa mawe.
Ndivyo tulivyo sisi wenye ndimi za nyundo,
tukivunja, tunakilaumu kilichovunjika.

Kisha akaja Tegwen, karani wa benki aliyechoka benki,
daftari mfukoni, penseli sikioni.
Siku ya tatu niliufikia ukuta wake,
lile neno langu likiwa tayari ulimini.
Akaniwahi:
"Usiniambie ni mbaya. Hilo naliona.
Nionyeshe jiwe."

Nionyeshe jiwe!
Miaka thelathini na moja katika kazi hii,
hakuna aliyewahi kunidai kitu kizito hivyo.
Nikapiga magoti kwenye tope, nikatafuta.
Nilitafuta muda mrefu kuliko nilivyopenda aone.
"Hili," nikasema, "la tatu kutoka kushoto.
Umelilaza uso wote nje, wapita njia walisifu.
Ligeuze. Mkia wake uingie ndani, uushike ukuta."
Nilikuwa nainuka, nikaona lingine.
"Na hili la pembeni, sijui umelipatia vipi.
Usiliguse."

Hakutabasamu. Hakusingizia mvua,
wala mgongo, wala nyundo ya kuazima.
Aliandika. Akayaondoa manne yaliyolilalia,
akaligeuza la tatu,
akaanza upya.

Oktoba ilikuwa zamu yangu.
"Naweza kusema jambo?" Kidole chake tayari
kinateremka kwenye kazi yangu, safu hadi safu,
mshono mmoja ulionyooka kama mfereji.
"Ulitufundisha moja juu ya mawili.
Hapa ni moja juu ya moja, mara nne."

Masikio yakaniwaka.
Majibu yakajipanga kooni kama kondoo kwenye kijia:
nimejenga kabla hujazaliwa,
nilikuwa na haraka,
wewe ni nani.
Nikayameza, machungu kama shubiri.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema watu;
mimi niliujenga ukuta, ufa nikautia ndani.
"Unaanzia wapi hasa?" nikauliza.
Akanionyesha.
Nilibomoa hadi giza likatukuta,
yeye akinishikia kurunzi, bila neno.

Gethin nilimkuta majira ya kuchipua, gereji ya Dolgellau,
chini ya gari la maziwa, miguu tu nje.
Miaka sita. Nilisimama karibu na miguu hiyo.
"Lilikuwa jiwe moja," nikasema.
"La msingi, upande wa lango. Lilikuwa linacheza.
Kokoto mbili chini yake zingetosha.
Mengine yote yalikaa vizuri."

Spana ikatulia.
Kisha, kutoka chini ya chuma,
sauti isiyo na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma:

"Ungeniambia siku ile."