Asilimia Thelathini

Nilipotia saini mkataba niliongeza kwa wino:
chini ya thelathini, msiguse.
Fundi Preben akacheka, kofia ya sufu imemfika nyusini,
"Solvej, gari lako silo dafina."
Nikamwambia mimi ni muuguzi wa majumbani.
Ejnar anakaa Gudhjem, mapafu yake yamechakaa kama soli za viatu,
na mapafu hayamsubiri mtu achaji betri.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi na gari dogo la kijivu
lenye mkwaruzo wa lango la kanisa ubavuni.
Saa tisa za usiku, kisiwa kimelala,
mapangaboi yanazunguka ng'ambo ya shamba la shayiri,
yanasaga upepo ambao hakuna aliyeuagiza.
Zamani waliyafunga breki. Upepo ukapita bure,
mgeni aliyebisha hodi akakuta taa zimezimwa.
Sasa gari linamfungulia. Linakunywa
taratibu, kitaa cha kijani kikipepesa,
hadi asubuhi limeshiba dhoruba.

Na saa kumi na mbili jioni,
majiko yote yanapowashwa kwa pamoja,
viazi vinatokota, watoto wanaogeshwa,
linarudisha. Si lote. Kiasi.
Mwisho wa mwezi naletewa hesabu: kroni arobaini na moja,
mkate mweusi na siagi kidogo.
Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema;
hawakuliona deni hili
linalolipwa gizani bila kelele,
mkopaji asimjue aliyemkopesha.

Kisha ikaja Januari ile.
Kebo ya chini ya bahari ilikatika.
Nanga ya meli, wakasema. Wengine wakasema barafu.
Na upepo wetu, usionyamaza hata maziko yakisomwa,
ukanyamaza.
Ukungu ulikaa juu ya Baltiki kama blanketi lililoloa.
Mapangaboi yalisimama, kila moja limeelekea kwake,
kama watu waliosahau walichokuwa wakisema.

Saa mbili usiku simu ikatetemeka mezani:
Unaruhusu chini ya thelathini?
Ndiyo. Hapana.

Nilihesabu. Gudhjem ni kilomita kumi na sita.
Kwenda, kurudi, betri imezeeka, baridi nayo inakula theluthi.
Nilihesabu tena kwa penseli nyuma ya bahasha ya kodi.
Kisha nikaifikiria mashine iliyo kando ya kitanda cha Ejnar
inavyovuta hewa ya chumba na kumchujia oksijeni,
tk, fuu, tk, fuu,
na waya wake mweupe uliochomekwa ukutani.
Waya ule unakwenda wapi?
Sikuwahi kujiuliza. Unakwenda ukutani, kisha barabarani,
kisha kila mahali.
Unakuja hadi hapa.

Nilikuwa nimeweka akiba ya kumkimbilia
pumzi itakapokatika.
Kumbe nimekalia
kile ambacho kingeizuia isikatike.

Nikabonyeza ndiyo. Ishirini na tisa.
Nje, uani kwa Preben, uani kwa mchungaji Bodil,
kwenye maegesho ya shule, mbele ya banda la samaki wa moshi,
magari yalilala na waya midomoni kama ndama,
ila usiku ule ndama ndio walionyonyesha.

Ishirini na mbili. Kumi na saba.
Sikulala. Nilitoa baiskeli stoo, nikaitia magurudumu upepo,
upepo pekee uliokuwapo kisiwani.

Alfajiri ukungu ulichanika upande wa mashariki.
Pangaboi moja likasita, likajigeuza, likakumbuka.
Kumi na moja.

Nilifika Gudhjem baada ya saa moja na nusu, pua imekufa ganzi.
Ejnar alikuwa macho, mashine inapumua pamoja naye.
Akaniangalia mikono.
"Leo hukuleta gazeti?"

Sikumwambia kitu. Umeme hauna jina.
Huenda alilala usiku kucha juu ya upepo wa Preben,
au wa mwalimu wa hesabu, au wa Jumanne iliyopita.
Nikamchemshia kahawa.
Birika lilipoanza kunguruma nilisimama karibu,
nikalisikiliza,
kana kwamba lingetaja mtu.