Mizani ya Budhram

Kilo mia na saba. Kocha akaguna,
akamtuma raundi kumi kandokando ya miwa.
Alikimbia nne; ya tano aliitembea
akitafuna embe bichi kwa pilipili.

Jumapili, Totaram mwenye miguu ya korongo
msuli wa paja ukamkatika ova ya pili.
Basi wakampa mpira yule mnene.
Hatua tatu tu. Mkono kama mchi,
lakini kifundo chake, lo, cha mtunga shanga!
Mpira ukatua, ukasita, ukapinda: vijiti chini.
Watano, hivyo hivyo.

Mwishoni ilibaki mbio moja.
Budhram akagonga, akatoka, akafika nusu ya njia,
pumzi ikamtangulia kurudi.

Usiku, Berbisi nzima ikibishana,
kocha alifuta kilo, akaandika: vidole.
Kisha akazirudisha kilo.